Usiuze cherehani, dada

Dada yangu wa Bukavu, unauliza kama uuze cherehani ulipie mafunzo ya kompyuta ya miezi 6, kwa kuwa depo (ghala la bidhaa) ilikunyima kazi ulipokwama kwenye Excel, programu ya majedwali ya hesabu. Usiiuze! Pakua Excel ya simu, ni bure, halafu kila jioni ingiza mauzo ya samaki wadogo, sambaza, ya mama yako pale sokoni Kadutu: tarehe, faranga, dola, kiwango cha kubadilisha dola siku hiyo. Faranga igawanye kwa kiwango, =B2/D2 (B2 ni faranga, D2 ni kiwango), upate dola zake. Kujumlisha, kompyuta nyingi hapa ziko kwa Kifaransa: andika SOMME, si SUM. Hapo ndipo nami nilikwama kwenye jaribio langu la kwanza. Baadaye lipia saa chache tu za siba, yaani duka la kompyuta na intaneti, vidole vizoee kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Jedwali la mwezi mzima lichapishe, uende nalo kwa bosi wa depo.