Salfa ya mikorosho ndo imelainisha ubongo wa mtoto?

Swali: Shikamoo dokta. Niko Newala. Mtoto wa dada angu, wa kiume, ana miezi nane, anashtuka-shtuka kwa degedege. Dar alipigwa MRI wakasema ubongo ni laini, hauna mikunjo, hasa upande wa mbele. Bibi anasema ni salfa, dada alipulizia mikorosho akiwa na mimba. Dada mwenyewe ana kifafa tangu sekondari. Kweli ni salfa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Hicho kifafa cha dada umekitaja mwishoni kama vile hakihusu, kumbe ndo kilichonishtua, na ukichanganya na hiyo ya ulaini kuzidi mbele mi nawaza jeni inaitwa DCX, iko kwenye kromosomu X (kromosomu ni vifurushi vya ndani ya seli vinavyobeba jeni). (Ingekuwa jeni nyingine, LIS1, ya kromosomu 17, mara nyingi kisogoni ndo kunazidi.)

Iko hivi, nyuroni, yaani seli za ubongo zinazopeleka taarifa, hazizaliwi pale zinapokuja kufanya kazi, zinazaliwa ndani kabisa ya ubongo halafu kuanzia kama mwezi wa tatu wa mimba zinapanda kuelekea juu, kila moja imeshikilia uzi wa seli nyingine kama mkwezi na mnazi wake, na zinazochelewa kuzaliwa zinazipita za mwanzo zinakaa juu yake. DCX inatengeneza protini ya kuimarisha vijibomba vya ndani ya seli, vile vinavyosaidia kuvuta kiini mbele. Jeni ikiharibika seli inakwama njiani, na gamba la ubongo, lile tabaka la juu, linakuwa nene, halijikunji.

Mtoto wa kiume ana X moja tu, kwahiyo zimekwama karibu zote. Mwanamke anazo mbili na kila seli inazima moja, basi nyingine zinafika juu na nyingine zinabaki katikati zinafanya kama mkanda chini ya gamba, na mkanda huo unaweza kuleta kifafa bila mtu kujua sababu. Salfa haiingii hapo, kasoro kama hii mtoto anatungwa nayo (ila mjamzito asipulizie jamani, kifua kitamsumbua).

Sasa ombeni dada naye apigwe MRI na wote wawili wapimwe damu ya jeni. Akikutwa nayo, kila mimba ina nusu kwa nusu ya kuirithisha. Asikutwe nayo, hatari inashuka sana ila haiishi kabisa, maana inaweza kujificha kwenye mayai tu. Dawa za kifafa asiache hata mmoja wao, na dada akitaka mimba nyingine amuone daktari kwanza, maana kama anatumia valproeti ile haifai kwa mimba, itabidi abadilishiwe mapema.