Maswali ya Wasomaji: Kutoa sauti kwenye kaseti za nyumbani

Tumepokea barua nyingi kuhusu kaseti zilizolala makabatini: taarabu za harusini, mawaidha, sauti za wazee. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na ikawa rahisi mtu wa kawaida kurekodi sebuleni kwake bila studio. Siti binti Saad mwaka 1928 alilazimika kusafiri hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye sahani ya santuri. Mengi yaliyomo kwenye kaseti za nyumbani hayapo popote pengine, ndiyo maana tunajibu kwa urefu.

Mama yetu ametuachia kaseti kama arobaini. Nyingine zimeandikwa tu kwa penseli, "Shangazi". Dukani nimeona kimashine kidogo cha kaseti chenye waya wa USB, bei rahisi. Kinafaa? Na nianze na kaseti ipi? (Msomaji, Tanga)

Poleni kwa msiba, na asanteni kwa kutozitupa.

Kimashine hicho usikinunue. Mota yake hafifu, sauti huyumba, na vingi vya aina hiyo hutoa sauti chafu. Tafuta deki ya mtumba, ile ya mezani yenye matundu mekundu na meupe nyuma, au redio kaseti nzuri ya zamani. Kabla ya kulipa, icheze kaseti yenye sauti ndefu iliyonyooka, fidla au kinanda. Sauti ikiyumba kama inayolia, mikanda ya mpira ndani imelegea. Hilo si kosa la kuikataa mashine, kwa kuwa fundi redio ataibadilisha mikanda hiyo. Mikanda mingine huyeyuka ikawa kama lami, nayo lazima ifutwe yote kwenye magurudumu kabla ya kuweka mipya.

Kisha safisha. Chukua vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji, na nyingine ina mafuta yanayobaki kwenye hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti kwenye utepe. Sugua hedi, sugua na kile kijiti cha chuma kinachozunguka na kuvuta utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira linalobana utepe lisafishe kwa alkoholi kidogo tu kisha likaushe, maana likiloweshwa hukakamaa na kupasuka. Rudia kila baada ya kaseti tatu nne. Kaseti ya zamani huacha unga wa kahawia, na unga huo ukiziba hedi, sauti inafifia katikati ya wimbo bila wewe kujua.

Anza na kaseti usiyoijali hata kidogo, mashine ikiila hutalia. Fuata zile za dukani. Za "Shangazi" ziwe za mwisho, mkono ukishazoea. Kila kaseti, kabla ya kuicheza, vunja vijino viwili vya juu ili isiweze kufutwa kwa bahati mbaya. Halafu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma hadi mwanzo bila kuisikiliza. Utepe uliokaa miaka thelathini umebanana tabaka kwa tabaka, na kuuzungusha hivyo huufungua na kuukaza sawasawa. Ukisikia mashine inalemewa, simamisha mara moja.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, nalo ndilo linalotofautisha kazi nzuri na mbovu: ile skrubu ndogo pembeni mwa hedi. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, wimbi moja la sauti ya Hz 10,000 (mitikisiko 10,000 kwa sekunde) linachukua kama sehemu tano kati ya elfu za milimita tu kwenye utepe. Hedi ikiinama kidogo tofauti na hedi ya mashine iliyorekodi, sauti kali zote zinapotea, na kinachobaki ni mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Na kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake.

Kwa hiyo unarekebisha kaseti kwa kaseti. Kwenye mashine nyingi ni skrubu yenye springi chini yake; ile ya upande wa pili usiiguse. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipo ili uweze kuirudisha. Vaa spika za masikioni, weka sauti katika mono (kushoto na kulia zikichanganywa kuwa moja), cheza, na kwa bisibisi ndogo izungushe polepole huku na huku, isizidi robo ya mzunguko. Sikiliza "s" na "sh" za mwimbaji, na kucha za mpigaji ganuni zinapogusa nyuzi. Kuna mahali pamoja ambapo ghafla kila kitu kinang'aa, ukipita kidogo kinafifia tena. Acha hapo hapo. Mono ni muhimu kwa sababu upande wa kushoto na wa kulia zisipofika pamoja, zikichanganywa zinauana kwenye sauti kali, na sikio linalitambua hilo haraka kuliko ukisikiliza stereo.

Kazi hii haifanyiki baadaye kwenye kompyuta. Sauti ambayo hedi haikuisoma haipo kwenye faili, na hakuna programu itakayoirudisha.

Kaseti za babu zina unga mweupe kwenye utepe, na moja imekatika. Nimeiunga kwa gundi ya karatasi ikacheza, lakini sasa inakwama. (Msomaji, Lamu)

Unga huo ni ukungu, na hewa ya bahari inaulea. Ziweke kaseti hizo peke yake ndani ya boksi, mbali na nzuri, na usizicheze bado: ukungu ukishaingia kwenye mashine unahamia kaseti inayofuata. Zikaushe kwanza wiki mbili tatu ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu. Juani usizianike, joto hupinda utepe na kava. Zikikauka, fanya kazi nje, funika pua na mdomo, futa kava, kisha zungusha utepe polepole kwa penseli huku kitambaa laini kikavu kikiugusa pale unapopita. Deki utakayochezea isafishe baada ya kila upande.

Gundi ya karatasi iondoe leo. Kwenye joto la pwani inatoka pembeni, inaunganisha tabaka na tabaka, ndiyo maana inakwama. Inatakiwa gundi maalumu ya ukanda (splicing tape) ya kuungia utepe wa sauti. Laza ncha mbili moja juu ya nyingine, zikate pamoja kwa wembe mpya kwa mshazari wa nyuzi 45, zikutanishe bila kupishana, na ubandike kipande kifupi. Kibandike upande wa ndani. Upande unaotazama nje ndio unaogusa hedi, na ndio wenye sauti.

Kava lisilo na skrubu limegundishwa kiwandani. Lipasue taratibu kwenye mshono na uhamishie magurudumu mawili kwenye kava la kaseti nyingine yenye skrubu. Ukiwa ndani angalia kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Kikiwa kimebanduka sauti inakuwa nyembamba na inakatikakatika. Watu hulaumu utepe, kumbe ni kisponji.

Niweke vipimo gani kwenye Audacity, ile programu ya kompyuta ya kurekodi sauti? Na ninaweza kurekodi kwa simu tu? (Msomaji, Nairobi)

Simu haifai sana kwa kazi hii. Tundu lake limetengenezewa maikrofoni, ishara ya deki ina nguvu kupita kiasi na sauti itapasuka. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la laini (line-in), stereo. Soma maelezo kwanza, maana nyingi za bei ya chini zina tundu la maikrofoni peke yake tena la mono. Toa waya kwenye matundu mekundu na meupe ya deki. Ikibidi utumie tundu la spika za masikioni, sauti iwe katikati na vitufe vya besi visiongezwe.

Chagua 48,000 Hz, biti 24, stereo, faili la WAV. Saa moja itakula kama GB 1. Rekodi stereo hata kama kaseti ni ya mono, kwa sababu mara nyingi upande mmoja wa utepe umechakaa kuliko mwingine, na baadaye utachagua ulio mzima. Kilele cha sauti kisipite desibeli −6. Iliyopasuka haitengenezeki, iliyo chini inapandishwa. Kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mchakacho wa utepe, kizime isipokuwa kaseti imeandikwa hivyo.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta ufanye kazi kwa betri. Mara nyingi unatoweka papo hapo.

Kupunguza ule mchakacho wa "shhh" fanya kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la kwanza, na desibeli 6 zinatosha. Ukizidisha, mwimbaji anaanza kusikika kama yuko chini ya maji, na "f" na "s" zinaondoka pamoja na mchakacho.

Familia yetu ilikuwa ikitumiana barua za kaseti kati ya Unguja na huku. Nimezicheza: bibi anasikika kama mtoto, anaongea mbio, na kadiri kaseti inavyokwenda ndivyo inavyozidi. Mashine yangu ni mbovu? Nyuma yake friji linavuma wakati wote. (Msomaji, Maskati)

Mashine yako ni nzima. Aliyerekodi alitumia betri zilizokuwa zinakufa. Mota ilipunguza mwendo, utepe ukapita polepole, na sasa ukichezwa kwa mwendo sahihi kila kitu kinakimbia, mwisho zaidi ya mwanzo.

Na hilo friji ndilo litakalokurudishia sauti ya bibi. Umeme wa Zanzibar ni wa Hz 50, na sumaku ya mota ya friji hutikisika mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani Hz 100. Tafuta sekunde chache ambazo bibi amenyamaza na friji pekee linasikika. Zichague kwenye Audacity, fungua mchoro wa spektra (unaoonyesha nguvu ya sauti kwa kila Hz), weka ukubwa 65536 ili usome kwa tofauti isiyofika Hz 1, na utafute mstari uliosimama karibu na 100. Kuna mwingine chini kidogo ya nusu yake, huo ni mzunguko wa mota yenyewe, uache. Tuseme mstari uko 106. Gawanya 100 kwa 106, unapata 0.943: punguza mwendo kwa asilimia 5.7, mwendo na kimo cha sauti pamoja. Kwa kuwa betri zilikuwa zikishuka, pima upya kila dakika tano na urekebishe kipande kwa kipande.

Kabla ya yote hayo hakikisha huo mvumo si wa mashine zako. Simamisha kaseti, acha deki ikiwaka, rekodi ukimya. Mstari wa 100 ukionekana hapo, ni wako, utibu kwanza kwa kuchomoa chaja.

Umeme wa zamani haukutulia, kwa hiyo kosa la asilimia moja linawezekana. Mwite mtu aliyemjua bibi, mchezee toleo mbili tatu zilizoachana kidogo. Atakuambia yupi ni yeye.

Nimepata kaseti ya nyimbo za unyago za mtaani kwetu, ya miaka ya themanini. Ni hazina. Niiweke kwenye intaneti wajukuu waisikie? (Msomaji, Unguja)

Tunakuomba usiiweke. Nyimbo hizo ziliimbwa ndani, kwa wanawake, mbele ya mwari, na walioimba walijua nani yuko chumbani. Kaseti haikubadilisha hilo. Ihifadhi sauti yote bila kukata kitu, kisha uwapelekee masomo, yaani makungwi wa unyago, walio hai, na wao waamue nani asikie. Wanaweza kusema sehemu fulani iwe ya wote na nyingine ibaki kwao.

Kwa taarabu iliyouzwa dukani swali ni lingine, la sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Nakala ya nyumbani ni jambo moja, kuisambaza ni jingine, na kundi au warithi waulizwe.

Ukienda kwa masomo beba kalamu. Muulize nani anaongoza, nani anaitikia, nani yuko kwenye ngoma, nyumba ya nani, mwaka gani. Yaandike kwenye faili la maandishi lenye jina lile lile la faili la sauti, mwaka ukitangulia, mfano 1984_Unguja_unyago_upandeA. Karatasi ya ndani ya kaseti ipige picha pande zote mbili, hata kama ina neno moja tu la penseli. Weka nakala tatu, mojawapo iwe nyumba nyingine. Kaseti yenyewe irudishe mwanzo, iweke ndani ya kava lake, isimame wima, mbali na spika kubwa, maana sumaku yake hufuta.