Kumpa mtoto nusu kidonge cha mkubwa
Umeuliza kama mtoto wako wa kilo 12 unaweza kumpa nusu ya kidonge cha mkubwa, ukamtaja na bibi mwenye presha. Hapana aisee, usimkatie mtoto nusu ya kidonge cha mtu mzima eti kwa vile ni mdogo. Dozi ya mtoto inaenda kwa kilo, parasetamol ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kwa hiyo huyo wako wa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja, na nusu ya kidonge cha miligramu 500 ni 250, ishapita hiyo. Aspirini ndo kabisaa, chini ya miaka 16 hapewi mpaka daktari aseme, inaweza kuleta shida ya ubongo na ini. Ila bibi uliyesema yuko kwenye dawa za presha halafu anameza ibuprofen, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, huyo ndo ananiogopesha zaidi, figo za mzee zinachuja taratibu na hizo dawa zikikutana zinaweza kuziumiza kimyakimya tu, mwambieni daktari dawa ZOTE anazotumia hata za mitishamba. Na vile vidonge vya kuachia dawa polepole msimsagie jamani, dozi ya siku nzima inaingia kwa mpigo. Mjamzito nae akifika wiki 20 ibuprofen aiache, labda daktari mwenyewe ndo amwandikie.