Tenganisha src na build tangu siku ya kwanza

Ukianza kuandika programu kwa C, faili ni mbili tatu na folda moja inatosha. Zikifika ishirini mambo hubadilika. Kila `.c` ikikompailiwa, yaani ikigeuzwa kuwa lugha ya mashine, inazaa `.o`, zote zinarundikana pamoja, na siku moja unataka kufuta za `.o` tu. Mimi niliandika `rm * .o`. Ile nafasi kati ya nyota na nukta iliondoka na kila faili, kazi ya wiki tatu ya programu ya stoo ya duka hapa Ngamiani, Tanga, na sikuwa na nakala.

Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu mnaoanza: ulichoandika kwa mkono kikae `src`, kinachozalishwa na kompaila kikae `build`, visichanganyike hata mara moja. Hapo unaweza kufuta `build` nzima bila hofu. Kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi yako, andika `build` ndani ya `.gitignore` ili isiihifadhi.

Ndani ya `src` gawa kwa kazi: `src/mauzo`, `src/stoo`. Barabara za Ngamiani zina namba: ukiambiwa barabara ya 12 unajua uelekee wapi. Folda zako nazo zimwongoze mwenzako hivyo. `build` ifuate mpangilio uleule, la sivyo `orodha.c` mbili za folda tofauti zitagombania `orodha.o` moja.

Kukompaili iachie Make, programu ya kujenga programu, iliyoandikwa na Stuart Feldman kule Bell Labs mwaka 1976. Inalinganisha tarehe za faili: `.c` ikiwa mpya kuliko `.o` yake, inaikompaili upya. Maelekezo yake unayaandika kwenye faili iitwayo `Makefile`:

```
build/%.o: src/%.c
	@mkdir -p $(@D)
	gcc -MMD -MP -c $< -o $@
```

Mistari ya amri ianze kwa kitufe cha Tab, si nafasi. `mkdir -p` huandaa folda kabla kompaila haijaihitaji. Ninayoithamini zaidi ni `-MMD`: huandika faili ya `.d` inayotaja heda zako (faili za `.h`) zote zilizotumika, nawe unaiingiza kwenye `Makefile` kwa `-include`. Bila hiyo, ukiongeza kitu kwenye heda, nusu ya programu itajua bidhaa ina sehemu tano na nusu itabaki na nne. Kosa linatokea mbali kabisa na ulipogusa. Nimewahi kulitafuta siku mbili.

Kisha kuna hizi kompyuta za mtumba ambazo wengi wetu tunaanzia. Betri ya saa ya ndani ya kompyuta ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka. Faili uliyoihariri sasa hivi inaonekana kongwe kuliko `.o` ya jana, Make inasema hakuna cha kufanya, nawe unahangaika kwa nini marekebisho hayaonekani. Andika `date` kwanza. Ikiwa tarehe si ya leo, irekebishe, futa `build`, jenga upya. Betri yenyewe kwa kawaida ni ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.