Kwa Wakili Anayeketi kwa Mara ya Kwanza Kama Jaji wa Mahakama ya Mfano

Mhadhiri wako wa zamani amekupigia simu, akakuomba ufike kitivoni Jumamosi asubuhi uwe jaji katika mashindano ya mahakama ya mfano, ambamo wanafunzi wa sheria hubishana kesi ya kubuni mbele ya majaji, nawe ukakubali upesi kwa kuwa kazi yenyewe huonekana nyepesi: kuvaa suti, kusikiliza vijana, kuuliza maswali mawili matatu na kujaza karatasi ya alama. Nami nilikubali vivyo hivyo. Tangu wakati huo nimeketi kwenye meza ile mara nyingi, na ninachotaka ukijue kabla hujaketi ni kwamba swali unalouliza ndicho kipimo chenyewe, na kipimo kikipinda, alama zote utakazoandika zitakuwa zimepinda hata kama umezijumlisha bila kosa.

Nilijifunza hilo kwa kumwonea mwanafunzi mmoja. Shauri la kubuni lilikuwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha, na binti aliyesimama kwa niaba ya mwombaji alianza na suala la kumaliza njia za ndani za kudai haki, yaani kupitia kwanza mahakama za nchi yake, ambalo ni sharti mojawapo kati ya yale saba ya kupokelewa kwa shauri katika Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wiki hiyo ofisini nilikuwa nikihangaika na suala linalokaribiana na hilo, kwa hiyo nilimkamata hapo hapo na sikumwachia. Kati ya dakika kumi alizokuwa nazo, sita ziliishia kwenye maswali yangu, na karani alipoinua kadi ya dakika moja alikuwa hajagusa hoja yake ya pili wala nafuu alizokuwa akiziomba. Kijana wa upande wa pili aliposimama, nadhani nilikuwa nimechoka, au nilianza kuona haya, nilimwacha aongee. Alitiririka mpaka mwisho bila kuguswa. Nikaandika 68 kwa binti na 81 kwa kijana. Jioni, nikiwa kwenye daladala, nilizipitia karatasi zangu za kumbukumbu nikakuta kwamba binti alikuwa amejibu maswali saba, matano kati yake vizuri kabisa, ilhali kijana hakuulizwa hata moja. Nilichompima yule kijana ni uwezo wa kukariri.

Kwa hiyo usiende na kichwa kitupu ukitegemea maswali yakujie mezani. Waandaaji makini huwapa majaji mwongozo unaoeleza mambo yanayobishaniwa na hoja za kila upande. Usome siku moja kabla, si kwenye chai ya asubuhi. Kisha andaa maswali kwa kila hoja, yenye uzito unaolingana kwa pande zote mbili. Mimi huandaa la kwanza la kumtuliza mzungumzaji, la pili la kupima kama anaijua kesi anayoitegemea, na la tatu la kumbana aseme yuko tayari kukubali nini. Pembeni mwa karatasi huweka kistari kwa kila swali lililoulizwa, liwe langu au la jaji mwenzangu, na mmoja akifika vistari vitano huku mwenzake akiwa na kimoja, najua ni zamu yangu kunyamaza au kuuliza.

Swali zuri si lazima liwe gumu. Chukua suala la nchi kuondoa tamko linalowaruhusu watu binafsi kuifikia Mahakama hiyo moja kwa moja, tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoianzisha Mahakama hiyo, ambalo Rwanda iliondoa mwaka 2016 na Tanzania ikatangaza kuliondoa mwaka 2019. Ukimuuliza mwanafunzi wa upande wa nchi, "Je, shauri lililofunguliwa kabla ya nchi kujiondoa linakufa?", umempa nafasi ya kuonyesha mambo matatu kwa pamoja. Aliyesoma atakumbuka kwamba katika shauri la Ingabire dhidi ya Rwanda, Mahakama ilisema kujiondoa hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa, na kwamba kunaanza kufanya kazi baada ya miezi 12. Mwaminifu atakiri kwamba uamuzi huo unamwumiza. Na wakili wa kweli atakiri, kisha aonyeshe jinsi shauri lake linavyotofautiana na lile, au arudi kwenye hoja nyingine ambayo haikutikisika. Wa tatu mpe alama za juu hata kama wewe, kama ungekuwa unaamua kesi, ungeamua dhidi yake. Haumpi ushindi mwenye sheria upande wake, kwa sababu pande hizo hupangwa na waandaaji, na mara nyingi upande mmoja umebebeshwa mzigo mzito kuliko mwingine.

Lipo jibu moja ambalo wageni wa kazi hii hulivumilia kupita kiasi, nalo ni "Mheshimiwa, nitalifikia hilo baadaye." Swali la jaji hujibiwa linapoulizwa, walau kwa sentensi moja. Akiahidi kulifikia, andika kwenye karatasi yako, uone kama alilifikia.

Kuhusu namba zenyewe, soma kwanza mizani uliyopewa. Mashindano ya Jessup ya sheria za kimataifa, yanayoigiza Mahakama ya Kimataifa ya Haki na yaliyoanza mwaka 1960, humpima mzungumzaji kati ya 50 na 100. Mengine hugawa alama kwa vifungu, sheria kivyake, mpangilio kivyake, kujibu maswali kivyake. Vyovyote iwavyo, mzungumzaji wa kwanza wa siku asipewe 90. Atakuja aliye bora kuliko yeye saa tano, na utakuwa umebakiwa na nafasi finyu ya kumweka.

Uliza pia jinsi alama zinavyotumika baada ya kuondoka mikononi mwako, jambo ambalo majaji wengi hawaulizi. Tuseme majaji wawili wanaona timu ya kwanza ni bora kidogo, wakaipa 78 na 77 dhidi ya 76 na 75, na jaji wa tatu akaipa 68 dhidi ya 80. Kama kinachohesabiwa ni idadi ya majaji walioipendelea timu, ya kwanza imeshinda kwa wawili dhidi ya mmoja. Kama kinachohesabiwa ni jumla, ya pili imeshinda kwa 231 dhidi ya 223, na jaji mmoja aliyeweka pengo kubwa la alama amewafuta wenzake wawili. Huyo jaji asiwe wewe, isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja. Na andika namba yako kabla hujamgeukia mwenzako, hasa akiwa mkubwa wako kazini, kwa maana akitangulia kusema "yule alinikera", kalamu yako itashuka yenyewe.

Jihadhari na lugha. Katika mashindano ya haki za binadamu ya Afrika, yanayoratibiwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria tangu mwaka 1992, wanafunzi huzungumza Kiingereza, Kifaransa au Kireno, na jaji huwasikia wengine kupitia kwa mkalimani. Sauti iliyopooza unayoisikia masikioni huenda ni ya mkalimani aliyechoka, si ya mwanafunzi. Hapa nyumbani Tanzania tatizo lina sura nyingine. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mashindano mengi niliyoyaona bado ni ya Kiingereza, na aliyesoma shule za Kiingereza tangu utotoni husikika kana kwamba anajua sheria zaidi. Funga macho kidogo, sikiliza hoja.

Mwisho wa raundi utaombwa kuwapa washiriki maoni. Usitaje alama wala mshindi, na usihutubie kuhusu ujana wako. Soma kutoka kwenye kumbukumbu zako maneno waliyoyasema wenyewe, lililofaa na lililoharibu. Safari moja, baada ya maoni hayo, mwanafunzi alinifuata mlangoni akaniuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, lile swali lako la fidia, ningelijibuje?" Nilisimama pale nikitafuta jibu, na sikuwa nalo. Tangu siku hiyo, kabla sijatoka nyumbani, huandika jibu mbele ya kila swali, na lile ninaloshindwa kulijibu hulikata.