Disemba London: Madirisha ya Krismasi Siku Moja, Bletchley Park Siku Nyingine

Mara ya kwanza nilipokwenda London mwezi wa Disemba nilitaka kumaliza mchana Bletchley Park, kituo cha siri ambako Waingereza walifumbua ujumbe wa adui katika Vita vya Pili vya Dunia, na jioni madirisha ya maduka ya Oxford Street yaliyopambwa kwa Krismasi, siku hiyohiyo. Nilifika Bletchley saa sita, nikapita vibanda mbiombio huku nikitazama saa, na saa tisa nilikuwa kituoni nasubiri treni ya kurudi. Oxford Street nikaikuta Jumamosi jioni. Umati ulinisukuma kutoka Oxford Circus hadi Marble Arch, wala sikupata kusimama mbele ya kioo hata kimoja muda wa kutosha kuona kilichopangwa ndani. Nililala na uchungu, maana sehemu zote mbili nilikuwa nimezitamani kwa miaka.

Mwaka uliofuata nilirudi na mama yangu na binti yangu wa miaka tisa, tukatenga siku tatu. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye safari hiyo ya pili. Kama una siku moja tu, chagua kimoja, na kingine ukiachie safari ijayo.

Anza na madirisha, na iwe siku ya katikati ya wiki. Katikati ya Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo huna haja ya kukesha ili uone taa. Kufikia saa kumi na nusu giza limeshatanda, na watu wa maofisini bado hawajatoka. Hapo una saa moja nzuri ya kutembea kwa nafasi. Wakati mwingine mzuri ni alfajiri. Jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, na sisi saa moja tulikuwa tumeshatoka hotelini: njia nyeupe, wafagiaji kazini, na vioo vinawaka kana kwamba vimewekwa kwa ajili yetu watatu.

Wengi huanzia Oxford Street kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Mimi nashauri uanzie Piccadilly, kwenye duka la Fortnum & Mason, lililopo tangu 1707. Fika dakika chache kabla ya saa kamili. Juu ya mlango kuna saa kubwa iliyowekwa 1964, na kila saa ikigonga, sanamu za waanzilishi wawili, Bwana Fortnum na Bwana Mason, hutoka na kuinamiana kwa heshima. Mama aliipenda hiyo kuliko taa zote. Msimu wa Krismasi uso mzima wa jengo hugeuzwa kalenda ya Majilio, ile ya kuhesabu siku hadi Krismasi, na chini yake madirisha hupangwa vyakula na sanamu kwa ufundi wa kukushangaza. Ukishatoka hapo, panda Regent Street polepole. Hamleys, duka la wanasesere lenye asili ya 1760, lipo njiani, na kama una mtoto ujue mapema kwamba hapo mtakaa. Halafu kata kulia uingie Great Marlborough Street ulitazame jengo la duka la Liberty. Lilijengwa miaka ya 1920 kwa mbao za manowari mbili za kale, HMS Impregnable na HMS Hindustan. Madirisha yake ni madogo kuliko ya wengine, na kwa macho yangu ndiyo mazuri kuliko yote, kwa sababu yanakulazimisha usogee karibu.

Selfridges, duka kubwa la Oxford Street, iache mwisho. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyelifungua duka hilo Machi 1909, alielewa kwamba dirisha la duka ni la kila mpita njia, hata yule asiyekuwa na nia ya kununua. Aliacha taa zikiwaka usiku baada ya milango kufungwa ili watu watembee na kutazama. Ndiyo maana napenda kufika pale usiku, wanunuzi wakishapungua na njia ya waenda kwa miguu ikishakuwa pana tena. Humo ndani pia, mwaka 1925, John Logie Baird alionyesha kwa wiki tatu majaribio yake ya televisheni. Wateja waliona vivuli tu vikitikisika, kwani sura ya mtu ilikuwa bado haijawezekana. Likumbuke duka hili, maana nitalirudia huko mbele.

Namna ya kutazama nayo ina maana. Simama kwanza ng'ambo ya barabara ulione dirisha zima, kisha vuka uende karibu. Ukiwa na mtoto, piga goti. Wapangaji wa madirisha huficha vitu vidogo chini kabisa, kwenye pembe, mahali ambapo macho ya mtu mzima hayafiki. Binti yangu aliona panya mdogo amevaa skafu ambaye mimi na mama tulikuwa tumempita mara mbili. Kuhusu picha, gusisha simu kwenye kioo chenyewe, kwa upole, na uzibe pembeni kwa mkono au skafu nyeusi. Ukipiga kutoka mbali utapata taa za mabasi na koti lako mwenyewe. Piga mbili au tatu, kisha weka simu mfukoni.

Tahadhari moja ya tarehe. Siku ya 25 Disemba London haina treni ya chini ya ardhi wala basi la umma, na tarehe 26 treni za kwenda nje ya jiji ni chache mno. Kati ya Krismasi na mwaka mpya reli hufungwa hapa na pale kwa matengenezo. Bletchley Park yenyewe haifunguliwi tarehe 24, 25 na 26 Disemba, wala 1 Januari. Tena baadhi ya maduka huondoa mapambo mara tu sikukuu ikipita, yakaweka mabango ya bei za punguzo. Mimi naona wiki ya pili ya Disemba ndiyo bora.

Sasa Bletchley. Treni huondoka kituo cha Euston, na safari ni chini ya saa moja hivi. Lakini treni za kasi zinazoelekea Milton Keynes hupita Bletchley bila kusimama, kwa hiyo soma orodha ya vituo ubaoni kabla hujapanda. Ukishuka, lango liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Reli hiyo ni sehemu ya historia yenyewe. Mahali hapa palichaguliwa 1938, jumba na uwanja wake vikanunuliwa kwa pauni 6,000, kwa kuwa palikuwa mbali na mabomu yaliyotarajiwa London na palifikika kwa treni kutoka London, Oxford na Cambridge, walikokuwa wataalamu wa hesabu na lugha.

Nenda asubuhi panapofunguliwa, na vaa nguo za kutosha. Majengo yametawanyika kuzunguka ziwa dogo, na kutoka kimoja hadi kingine unatembea nje kwenye baridi. Wageni wengi hukimbilia jumba la kifahari kwa sababu linapendeza pichani. Nakushauri uende kwanza kwenye vibanda vya mbao, Kibanda cha 3 na cha 6. Ujumbe wa jeshi la nchi kavu na la anga la Ujerumani ulifumbuliwa katika cha 6, kisha ukapelekwa cha 3 kutafsiriwa na kupimwa maana yake. Makaratasi yalipita kwenye kijinjia cha mbao kati ya vibanda viwili, yakisukumwa ndani ya kisanduku kwa mpini wa ufagio. Mama alikaa mbele ya kijinjia hicho muda mrefu. Aliniambia, "Mwanangu, vita vizima vimepita kwenye ufagio."

Kama una mtoto, usianze kumweleza idadi ya mipangilio ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri; ni namba yenye tarakimu 21. Mweleze kasoro yake. Ukibonyeza herufi moja inawaka nyingine, lakini herufi haiwezi kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Sasa, askari anayetuma taarifa ya hali ya hewa kila asubuhi hutumia maneno yaleyale. Ukikisia neno na kuliweka chini ya ujumbe wa siri, popote herufi mbili zinapofanana unajua neno lako haliko pale. Binti yangu alilielewa hilo kwa dakika tano, akiwa na penseli na jina lake mwenyewe. Kutoka hapo ndipo mashine ya Bombe inaanza kueleweka, ile iliyobuniwa na mwanahisabati Alan Turing na kuboreshwa na Gordon Welchman, na ya kwanza ikaanza kazi 1940. Ilikuwa ikijaribu mipangilio na kuitupa ile isiyowezekana.

Usipite mnara wa kumbukumbu ya Wapolandi bila kusimama. Wanahisabati wao Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski walikuwa wakisoma ujumbe wa Enigma tangu miaka ya 1930, Rejewski akiwa ndiye aliyeifumbua 1932, na Julai 1939 Poland iliwakabidhi Waingereza na Wafaransa yote iliyoyajua. Watu wengi hutoka Bletchley wakitaja jina la Turing peke yake, na hilo huniuma. Vilevile kumbuka wanawake. Mwanzoni mwa 1945 watu karibu 9,000 walikuwa wakifanya kazi Bletchley na kwenye vituo vyake, na robo tatu walikuwa wanawake, wengi wao vijana wadogo walioapa kutosema. Siri ilianza kufichuka hadharani mwaka 1974. Wapo waliofiwa na wazazi ambao hawakupata kujua kamwe binti yao alifanya nini vitani.

Na kuna jambo lililomfanya mama asimame ghafla nilipomsimulia, tukiwa kando ya ziwa. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo, kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikisikiliza na kufumbua ujumbe wa jeshi la majini la Japani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa. Kiliwekwa kwenye shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Mawimbi ya redio yalipatikana kwa shida pale, hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, kikosi hicho kilifumbua msimbo wa meli za biashara za Japani, kisha 1943 kikarudi Colombo. "Allidina hii ninayoijua mimi?" mama aliuliza. Hiyohiyo. Alisoma Mombasa, amepita mbele ya shule ile maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia. Mimi naona kila Mswahili anayekwenda Bletchley aende akijua habari hiyo, ili asijione mgeni anayetazama historia ya wenzake.

Ndani ya eneo hilohilo kuna Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, lakini ni taasisi nyingine, yenye tiketi yake na siku zake za kufunguliwa. Hakikisha kabla hujapanga tarehe. Humo imo Colossus, kompyuta ya kufumbua siri ya wakati wa vita, iliyojengwa upya na inayofanya kazi, na joto la valvu zake, zile taa za kioo za mitambo ya zamani, unalisikia usoni. Ya asili ilijengwa na Tommy Flowers, mhandisi wa Posta, ikaanza kazi mwanzoni mwa 1944 kushughulikia ujumbe wa makamanda wakuu wa Ujerumani. Vita vilipokwisha aliamriwa ateketeze michoro yake, akaitia motoni. Ukichoka, usijilazimishe kumaliza kila chumba. Tiketi ya Bletchley Park hutumika mwaka mzima, basi unaweza kurudi.

Kwa siku ya tatu nakupendekezea kitu ambacho hakimo kwenye ratiba za watalii wengi. Nenda Churchill War Rooms, Westminster, handaki alimofanyia kazi Waziri Mkuu Winston Churchill wakati wa vita, ukitafute kijichumba kilichokuwa na kitasa cha mlango wa choo. Wafanyakazi waliamini ni choo cha Waziri Mkuu. Kumbe ndimo alimozungumza kwa simu na Rais Roosevelt wa Marekani. Kuanzia 1943 sauti yake ilipita kwenye mtambo ulioitwa SIGSALY, uliokuwa ukiifunika kwa kelele zilizorekodiwa kwenye santuri. Santuri pacha ilikuwa ng'ambo ya Atlantiki, ikizunguka kwa mwendo uleule na kuziondoa kelele hizo, na zikishatumika zote mbili ziliharibiwa. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, haukutosha kwenye handaki la Churchill. Ukawekwa chini ya ardhi katika jengo la nyuma la Selfridges. Turing mwenyewe, akiwa Marekani mwanzoni mwa mwaka huo, alikuwa ameukagua usiri wa mitambo ya sauti ya aina hiyo.

Jioni ile mama aliomba turudi Oxford Street. Madirisha yalikuwa yaleyale ya juzi, panya na skafu yake yuko palepale pembeni, na binti yangu alimkimbilia kama jamaa. Mama hakutazama kioo. Alitazama sakafu ya njia, akaizungusha ncha ya mwavuli wake juu ya jiwe.

"Hapa chini?"

"Upande ule wa nyuma, mama. Duke Street."

"Basi twende huko nyuma," akasema, akashika mkono wangu. Tukakata kona, tukaziacha taa.