Kabla hujaenda fildi ya matumbawe, soma hii

Juzi mdogo wangu mmoja wa fasti yia kanitumia meseji, "kaka, wiki ijayo twapelekwa baharini kuangalia matumbawe, nibebe nini?" Nikamjibu kwa ufupi lakini moyo haukutulia, manake mimi fildi yangu ya kwanza nilibeba kila kitu na bado nilirudi nyumbani nalia.

Tulitoka Nyali kwa boti saa tatu asubuhi, siku ya bamvua maji yakipwa, mpaka ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, ile iliyotengwa tangu 1986 na hairuhusiwi kuvua ndani yake. Kazi ukiisikia ni rahisi. Watandaza tepu juu ya mwamba, waweka fremu ya bomba la plastiki mita moja kwa mita moja, halafu waandika kwa penseli kwenye kibao: tumbawe hai kiasi gani, lililopauka kiasi gani, lililokufa, mwani, mchanga. Sasa mimi usiku wote nilikuwa nasoma habari za 1998, mwaka wa El Niño, bahari ilipopata joto na matumbawe ya pwani yetu yakafa kwa wingi, yani kichwani nilikuwa nshaamua nitakuta maafa. Na nikayakuta. Kila nilipoona cheupe niliandika "limepauka".

Tulipopanda botini msimamizi akachukua kibao changu, akakitazama, akafuta safu nzima kwa kidole gumba mbele ya wenzangu wote, akaniambia bora nikasomee biashara. Miaka miwili imepita na bado yaniuma. Hakunionyesha kosa liko wapi.

Aliyenionyesha ni nahodha, mzee aliyekuwa mvuvi zamani. "Vaa miwani mwanangu, twende." Akanipeleka kwa tumbawe la matawi, ncha zote nyeupe, nilikuwa nimeliandika limepauka. Kumbe ncha ndipo linapokulia, pale huwa peupe siku zote. La pili lilikuwa na mikwaruzo myeupe miwili miwili, hayo ni meno ya samaki pono, na ukinyamaza chini ya maji wamsikia akitafuna. La tatu ndilo lililopauka kweli, karibu na boya, kubwa kama sufuria ya pilau, jeupe lote. Akaniambia sogea. Nikasogea mpaka nikaona juu ya ule weupe kuna ngozi laini kama utando wa yai. Liko hai! Joto limelifanya liwatoe wale mwani wadogo wanaokaa ndani yake na kulilisha, rangi ikaenda nao, lakini lenyewe halijafa. Lililokufa halina ule utando, na halikai jeupe muda mrefu, linaota majani.

Halafu akaniuliza mbona sijaandika kikande. Nikasema fomu haina nafasi ya samaki. Akasema kikande ndiye anayekula wale wadudu weusi wa miiba wanaokaa mwambani, vikande wakivuliwa wote wale wa miiba wanazidi na mwamba unagugunwa. Hiyo nikaiandika pembeni ya kibao.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kuisomea bahari, sogeeni karibu kabla ya kuandika. Cheupe kimoja si sawa na chengine. Tunaharakisha kujaza fomu tupate maksi, halafu hiyo fomu ndiyo inaenda kuamua mwamba unalindwa vipi, hiyo ni amana. Na muulizeni nahodha, kabla ya kushuka na baada ya kupanda, muulizeni.

Wewe mdogo wangu, vaa shati la mikono mirefu, beba maji, na penseli mbili ufunge kwa kamba kwenye kibao. Tumbawe la karibu na boya nililiona mara ya kwanza mwezi wa nne. Nikarudi na yule mzee kusi ilipopoza maji, tukakuta ubavu wake wa chini umeanza kupata rangi ya kahawia, upana wa kiganja hivi. Ukifika, niangalizie limefika wapi.